Ombi la Kuahirisha Kuyeyuka kwa Ziwa

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu na pole kwa kazi: mimi ni Taisto Hyvärinen, msomaji wako kwa miaka hamsini na mmoja sasa, mkazi wa upande wa magharibi wa ziwa letu hapa mashariki ya Finland. Kila Desemba mimi ndiye ninayesimika matawi ya msonobari juu ya barafu kuonyesha njia ya kuvukia. Naandika kwa heshima zote kulalamikia ukurasa wako wa saba wa Alhamisi, pale mtabiri wako alipochora mshale mwekundu kutoka kusini na kuandika kwamba joto linaingia kanda yetu, na barafu itaanza kuyeyuka kabla ya Jumapili. Nani alimtuma?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Utabiri huo ni wa uongo. Ijumaa asubuhi nilitoboa barafu mwenyewe nikapima kwa rula: sentimita arobaini na nane. Ng'ombe wawili wangeweza kucheza ngoma hapo.

2. Hata kama ni wa kweli, haukupaswa kuchapishwa. Barafu haisomi gazeti, lakini kijiji chetu kinasoma. Kanuni yetu inasema gazeti likishatangaza kuyeyuka, aliyesimika matawi ayang'oe yote, na yakishang'olewa hakuna wa kukanyaga ziwa, awe mvuvi, awe kasisi, awe mng'oaji mwenyewe. Wino haujakauka, mwenyekiti wetu Orvokki alishafika mlangoni kwangu. "Mzee Taisto, usinitazame hivyo," akasema. "Mshale umeuona. Ng'oa!" Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kwetu kinachoyeyusha ziwa si jua, ni ukurasa wa saba.

3. Upande wa mashariki anakaa mjane aitwaye Aune Pesonen, ambaye tunacheza naye karata kila siku saa nane mchana. Kwa miguu juu ya barafu ni dakika ishirini. Kwa barabara ni kilomita sitini, na daktari wa macho alishaninyang'anya leseni. Mashindano yetu hayajaisha, nami nashindwa kwa sababu Aune huchungulia karata zangu kwenye kioo cha kabati lililo nyuma yangu. Nilipomwambia alihamishe, alijibu, "Hamisha hayo masikio yako kwanza, yananizibia." Bila kucheza hadi Mei, haki haiwezi kupatikana.

4. Maandazi yake ya iliki. Hapa sina la kuongeza.

5. Kati ya barafu ya kukanyaga na maji ya kupiga kasia kuna wiki sita ambazo ziwa halifai kwa mguu wala kwa mashua. Simu Aune anayo ila haipendi; anasema simu ni ya misiba. Mwaka jana, wiki hizo zote, nilizungumza na redio tu, na ndiyo iliyokuwa ikisema. Nina miaka sabini na minane. Wiki sita kwangu ni nyingi, na nikiziwaza naumia.

Kwa hiyo naomba mshale ule ukanushwe. Ikishindikana, uelekezwe Sweden, maana wao wamezoea raha. Na hilo nalo likishindikana, kuyeyuka kwa kanda nzima kuahirishwe hadi ipigwe kura, na wapiga kura wawe sisi tunaovuka. Nikikataliwa nitaacha kununua gazeti lako na kusoma la jirani, kama ninavyofanya sasa.

Nisalimie wapiga chapa wote, na yule mama wa mapokezi aliyenikatia simu mara tatu. Mtabiri naye msalimie, ila kidogo.

Wako katika baridi,
Taisto Hyvärinen

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mfukoni. Leo Jumamosi nimetii kanuni na kung'oa matawi yote. Kila mwaka huanzia upande wa Aune nikirudi kwangu. Safari hii, kwa jinsi nilivyowakasirikia wewe na mtabiri wako, nilianzia mlangoni kwangu. Tawi la mwisho nimeling'oa chini ya dirisha la Aune, na kanuni ni kanuni. Wanasema hasira hasara. Mwaka huu sina hakika. Aune ametazama rundo la matawi, akatazama ziwa, akasema, "Mjinga wewe. Ingia, kahawa inapoa." Nilifikiria kumpigia Orvokki anifuate kwa gari, lakini simu ya humu ndani ni ya misiba, na mimi msiba siuoni. Mwambie mtabiri mshale wake uko sawasawa, asithubutu kuugusa.