Fundi Nguo na Koo la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tano tangu baba mkwe apigwe na kiharusi. Mkono umerudi, akili haikuondoka, ila koo limegoma. Akionja chai anakohoa mpaka machozi. Analishwa kwa mpira wa puani, yeye aliyekuwa anakula huku wateja wakisubiri! Leo wodini ameandika kwa chaki ya kushonea, kwenye kipande cha suti: siku nikimeza, nitamtaja wa kushika mkasi. Yaani msimamizi wa kiwanda chake chote cha ushonaji. Wagombea wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji kila asubuhi anamfanyisha mazoezi ya koo aliyofundishwa na muuguzi. Kujipendekeza tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemshuhudia daktari wa tiba ya Kichina ya sindano akimtibu mzee. Anachoma shingoni, chini ya kidevu, mkononi. Sindano nyembamba kama unywele. Amesema zinaweza kusaidia zikienda pamoja na mazoezi, lakini haahidi kitu. Haahidi! Fundi gani huyo? Mimi mteja namwahidi Ijumaa hata kitambaa sijakiona. Nimemuuliza ameshika sindano miaka mingapi. Kumi na miwili. Mimi kumi na tisa! Nikachora sehemu zote alizochoma kwa chaki kwenye kola yangu. Shemeji akauliza ni nini. Nikamwambia ni fasheni.

Jumatano, 5 Machi

Kabla ya kumponya mzee mwenyewe, nimejaribu kwanza kwenye sanamu la kupimia nguo. Halikulalamika hata kidogo. Dalili njema. Kisha nikajijaribu mwenyewe mbele ya kioo, kwa sindano ya kushonea jinzi, chini ya kidevu. Uwiii! Mke wangu akauliza kuna nini. Nikasema kifungo. Chakula sikukigusa.

Alhamisi, 6 Machi

Shingo imevimba. Mate yanapita kwa shida! Nikajifunga skafu. Mke wangu akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaivuta. Nimelazwa kitanda cha pili kutoka kwa baba mkwe. Muuguzi ameona michoro kwenye kola yangu, amenisema mbele ya wodi nzima, akataka kujua kama kweli nilikusudia kumchoma mzee wa watu. Nikajifunika shuka hadi kichwani. Shemeji akaniletea uji mzito, akanilisha kijiko kwa kijiko. Nilitamani kukataa, lakini njaa haina adabu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mzee kupimwa kumeza. Muuguzi akamwekea vidole shingoni, kijiko cha uji mzito kikaingia. Koo likapanda, likashuka. Hakukohoa! Mke wangu akalia. Na mimi nikalia, kweli kabisa, maana nampenda mzee yule. Kisha mzee akataja kwa sauti ya kukwaruza: mkasi kwa shemeji. Na mimi je? Nisiguse chochote chenye ncha. Nipige pasi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeruhusiwa kutoka, nimetafakari. Mimi nilijichoma Jumatano, mzee akameza Ijumaa. Sasa nani alimponya? Ama kweli shukrani ya punda ni mateke. Haidhuru. Nimeanza kazi ya pasi. Pasi yenyewe kubwa, nzito, inatoa mvuke wa ajabu! Mama mkwe analalamikia mgongo tangu juzi. Nimemwomba apande mezani mara moja, alale kifudifudi.