Maji Yangu Yarudishwe Yalivyokuwa

Kwa Muuguzi Mkuu,
Wodi ya Wazee Wanaume.

Mheshimiwa Mama,

YAH: KUHAMISHWA KWA BINTI ANAYENIFUNDISHA KUMEZA

Mimi ni mgonjwa wa kitanda cha tisa, dalali wa mnada mstaafu, niliyeletwa kwenu baada ya kupooza kidogo upande wa kushoto. Kwa unyenyekevu mkubwa nalalamika hivi:

1. Maji yangu yanatiwa unga, eti yasinipalie, hadi yanakuwa mazito kama gundi. Nina miaka sabini na minane. Nilidhani mimi na maji tumeshazoeana.

2. Naamriwa kukaa wima, kidevu kifuani, kama mtoto aliyefumaniwa na kopo la sukari. Kijiko kidogo, meza, meza tena. Halafu nisiongee! Mimi, niliyenadi makabati mabovu miaka arobaini huku nikitafuna.

3. Jumanne, binti alipotoka, nilikunywa chai ya jirani yangu, fundi cherehani. Ilikuwa nyepesi, tamu, ikapita njia ya hewa. Nilikohoa hadi meno ya bandia yakaruka na kutua kwenye shuka la fundi. Wauguzi watatu walinikimbilia na mpira wa kunyonyea makohozi. Fundi alinirudishia meno yamefungwa kwenye karatasi laini, akanipa pole kwa upole ulioniudhi. Wodi yenye nidhamu haiachi chai ovyo karibu na mwizi.

4. Hili ndilo zito. Binti hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza, "Babu, mwanao akija jioni, ulitaka nimwambie nini?" Nilitazama ukuta hadi mwanangu alipofika, nikamshika mkono kwa muda mrefu, akadhani nataka kwenda msalani. Swali la namna hiyo si matibabu.

Naomba basi binti ahamishiwe wodi ya watoto wachanga, ambao kwao kumeza bado ni jambo geni.

Unisalimie mpishi, wafagiaji, na fundi, ambaye siku hizi hunywa chai akiwa amenipa mgongo.

Wako mtiifu, japo si sana,
Mgonjwa wa Kitanda cha Tisa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, ameletwa dereva mzee kitanda cha kumi. Alikuwa amelala chali, bilauri ya maji mdomoni. Nikanguruma kwa sauti ya mnadani: "Kaa wima! Kidevu chini! Kidogo kidogo!" Bilauri ikasimama hewani. Binti alikuja mbio, akacheka hadi akafuta machozi. Tafadhali msimhamishe. Kesho saa mbili asubuhi tunaanza na dereva.