Saa za Uswisi Zilizosahaulika Kintinku

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo sikuuza hata kiatu kimoja, kwa hiyo nilipata nafasi ya kusoma. Kwenye simu nimekuta habari ya saa za mkono za zamani kutoka Uswisi. Si zile za matajiri. Ni zile za kutia ufunguo, zenye majina yasiyojulikana, ambazo watu wameziacha masandukuni. Ndani zimetengenezwa vizuri sawa na za matajiri. Bei ndogo. Werevu wanazikusanya kimya kimya.

Nikawaza reli mara moja. Kazi ya reli ni kazi ya saa, na wastaafu wa reli wamejaa Kintinku. Hapa Manyoni hakuna mwingine aliyeliwaza hili.

Nikamweleza mke wangu, Felista. Akaniuliza kama saa nazo zitaharisha na kufa kama sungura wa mwaka jana. Nikamjibu kwamba saa haili.

Jumanne, 4 Juni

Kintinku. Mbinu yangu: usioneshe tamaa. Kwanza shikamoo, kisha mvua, kisha alizeti, ndipo macho yashuke kwenye mkono wa mwenye nyumba.

Mzee Nathan alikuwa mshika bendera wa stesheni. Siku hizi anapiga kengele ya kanisa. Saa yake ni ndogo, uso umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na chini ya namba sita kuna maandishi membamba kama miguu ya sisimizi: Swiss. Nikamuuliza, huku natazama mbuzi, kama hako kadude bado kanatembea. Akasema kanachelewa dakika tano kila siku tangu fundi wake alipohama. Nikasema namjua fundi mzuri. Simjui fundi yeyote.

Akaivua, akanipa kwa mikono miwili. Akaomba irudi kabla ya ibada ya Jumapili, maana hana nyingine. Mpango wangu ni kumrudishia saa mpya ya betri yenye taa, niseme ile ya zamani imeshindikana. Hakuniuliza hata jina la baba yangu. Akanifungashia viazi vitamu. Viazi hivyo vimenisumbua njia nzima.

Ndani ya basi niliitia ufunguo, nikaiweka sikioni. Haitaki betri. Unaizungusha kidogo asubuhi, inakufanyia kazi mpaka kesho. Nilipitilizwa kituo.

Jumatano, 5 Juni

Wakusanyaji hufungua mfuniko wa nyuma waone ndani. Nikaketi kizingitini, nikafungua kwa kisu cha jikoni. Ndani ni kama mji mdogo ambao kila mtu yuko kazini. Vijiwe vyekundu, magurudumu, na hakuna anayemgonga mwenzake. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nikajaribu skrubu moja kwa ncha ya kisu, nione kama zinalegea.

Zinalegea. Gurudumu moja liliruka, likatua uani, likameta. Kuku akalimeza.

Kuku mwenyewe ni wa mama mkwe, Mama Dorika, aliyekuja kututembelea kutoka Ikungi. Amemleta ili Felista aanze kufuga. Nitamwambiaje? Mbele ya mama mkwe mimi hata chumvi siombi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemfuata kuku tangu asubuhi na chujio la chai. Kila alichoangusha nimekichuja. Hakuna kitu. Gerald, anayeuza saa za betri kwenye meza ya jirani yangu sokoni, alikuja kuniulizia hali, akanikuta nimechuchumaa. Akauliza nafanya nini. Nikasema napima minyoo.

Gerald hawezi kukaa na neno. Kufikia saa kumi jioni akina mama wanne walikuwa uani na kuku wao. Nikawapima. Nikawapa maji ya majivu. Jogoo mmoja aliyeletwa amelala kwenye kapu alisimama na kuwika. Sasa naitwa daktari.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe ameniita. Shikamoo mama. Marahaba. Kisha akasema: "Baba Eliza, leo siku ya tatu unatembea nyuma ya kuku wangu. Kama ni nyama, sema."

Nikasema yote. Mzee Nathan, kisu, gurudumu.

"Kitu kigumu hakitoki nyuma, mwanangu," akasema. "Kinakaa kwenye firigisi."

Akaniagiza nichinje. Firigisi ilipopasuliwa, gurudumu lilikuwamo, pamoja na changarawe na shanga ya binti yangu Eliza. Limesuguliwa likang'aa kuliko mwanzo. Firigisi nikala mimi, kwa kuwa ndimi baba wa nyumba. Felista alikula shingo bila kunitazama. Ufugaji wake wote ulikuwa kuku yule mmoja.

Jumamosi, 8 Juni

Singida mjini. Nimeelekezwa kwa fundi saa anayekaa barazani karibu na soko, Mzee Idrissa, kioo jichoni. Hakucheka nilipomweleza gurudumu lilikuwa wapi. Alisema limesafishwa vizuri. Kwa muda mrefu sikusikia kitu ila pumzi zake. Kisha saa ikaanza kulia.

Akasema hizi zisizo na jina ndizo anazozipenda, maana aliyezitengeneza hakutegemea kusifiwa. Akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya marehemu baba yangu.

Akanionesha upande wa ndani wa mfuniko. Kuna mwandiko uliokwaruzwa kwa sindano, tarehe na jina la mwenye saa. Mwandiko ni wake. Huandika hivyo kwenye kila saa anayoitengeneza.

"Nathan amefariki lini?" akauliza.

Nikasema hajafariki. Akachukua simu, akampata Mzee Nathan kwa simu ya jirani yake, akamwambia saa imepona na kijana ataileta kesho. Nimemlipa kwa viatu nilivyovaa.

Jumapili, 9 Juni

Kintinku. Bila saa, Mzee Nathan alikisia tu, akapiga kengele mapema kwa saa moja na nusu. Watu walikuja hawajanawa. Mchungaji alihubiri mara mbili ili muda ufike.

Nikamkabidhi. Akaiweka sikioni, akafumba macho. Kisha akanisimamisha mbele ya watu wote, akasema vijana waaminifu bado wapo. Niliinamisha kichwa. Niliapa pale pale, kwa dhati, kwamba sitagusa tena saa ya mtu.

Baada ya ibada wazee watatu walinifuata, saa zao zimefungwa kwenye leso, nizipeleke kwa fundi. Zote za Uswisi. Moja ina uso wa buluu. Nikazikataa zote tatu, nikawaelekeza kwa Mzee Idrissa. Nimejivunia sana.

Mama Marietha, mjane wa mkuu wa stesheni, hakuleta saa. Alileta redio ya mbao ya marehemu mumewe, imenyamaza miaka ishirini, akaniomba niipeleke kwa fundi yeyote ninayemwamini. Nikaipokea. Redio si saa.

Nimesoma kwenye simu. Redio za namna hii hakuna anayezijali, na ndani zina taa ndogo kama vichupa vya dawa. Mfuniko wa nyuma una skrubu nne tu. Nimeshalegeza tatu.