Mgonjwa wa Mafunzo

Jumatatu, 9 Machi 2015

Sijapata kumwambia mtu jambo hili: nina kipaji cha kuugua. Si kuugua kweli. Kuigiza. Mbele ya kioo cha bafuni nimeshakufa kwa kifua kikuu mara nyingi, kwa utulivu mkubwa. Darasani siwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Leo kipaji kimepata kazi! Alhamisi mchana zahanati zote za hapa zinafungwa, wafanyakazi waende Thornbeck kufundishwa. Kamati ya wilaya, ile inayoamua fedha za matibabu ziende wapi, itakaa kutazama. Zahanati yetu ya Skelby ni ndogo na kamati inataka kuifunga. Mama yuko mapokezi pale tangu sijazaliwa. Aking'ara mbele ya kamati, huenda ikapona. Mwalimu wa mafunzo, Bi. Thwaite, anatafuta vijana wa kujifanya wagonjwa. Nimejitolea. Mama kashika kichwa, kaniuliza kwani Yorkshire nzima hakuna watoto wengine.

Jumanne, 10 Machi

Nimepewa sikio. Sikio! Naumwa sikio, Mama anauliza maswali, ananielekeza kwa mfamasia badala ya daktari. Basi. Mtoto wa chekechea angeweza.

Crispin Barraclough wa darasani kwetu naye ni mgonjwa. Baba yake ni meneja wa zahanati ya Thornbeck. Crispin kaniuliza mbele ya watu, "Eh, Tamsin, siku hiyo utaongea, au tukuletee mkalimani?" Wote wakacheka. Jibu zuri nimelipata jioni, nikiosha vyombo.

Sikio haliokoi zahanati. Mama lazima aokoe maisha. Nitaficha maumivu ya kifua nyuma ya sikio, naye atayang'amua. Mezani nimemdokezea: je, mgonjwa akisema kifua kinambana? Kanijibu nile maharage yangu, na kwamba wiki iliyopita nilidai nina malaria, hapahapa Skelby, kwenye baridi hii.

Alhamisi, 12 Machi

Nataka kuhamia Norwe.

Crispin aliumwa sikio kama malaika. Makofi. Zamu yetu ikafika. Nikataja sikio. Kisha, kwa ile sauti ya unyonge ya watu wa kwetu, nikasema kifua nacho kinabana kidogo, ila si kitu, sitaki kumsumbua daktari, wako wanaoumwa kuliko mimi. Mama akanitazama kwa jicho ninalolijua. "We Tamsin, acha upuuzi. Simama wima."

Bwana Entwistle, mwenyekiti wa kamati, akaandika. Mgonjwa kalalamikia kifua, mapokezi kamwambia asimame wima!

Nikaona bado iko njia. Nikaanguka.

Madaktari wa wilaya karibu wote walikuwemo. Hakuna aliyenigusa. Si ubaya, ni adabu. Daktari wa Skelby alisema mtaa wetu kwa kweli uko upande wa Thornbeck. Wa Thornbeck akaomba radhi, hapendi kumwingilia mwenzake. "Tafadhali, daktari." "Hapana, wewe kwanza." Mtu wa kamati akauliza nimesajiliwa wapi, maana lazima ijulikane gharama inakwenda kwa nani. Ikafunguliwa ramani. Mimi chini, zulia linanuka kahawa.

Mama peke yake ndiye aliyekuja. Akapiga magoti, akatafuta mapigo shingoni mwangu. Akayapata. Akainama sikioni: "Kumbe mzima. Basi nitakuua mwenyewe."

Ijumaa, 13 Machi

Bwana Entwistle kapiga simu. Nadhani wanaionea aibu ile ramani. Mama kapewa nafasi moja tena, Alhamisi ijayo, hukohuko Thornbeck. Akishindwa, Skelby inafungwa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa jikoni na koti lake mwilini, birika likachemka, likajizima, hakuinuka. Akasema wazee wasio na magari watafikaje Thornbeck, yule Bibi Ackroyd na miguu yake ile. Kisha akaniomba kwa upole, "Mwanangu, Alhamisi kaa nyumbani. Nakuomba."

Nikaahidi. Nikalia ndani ya kabati la nguo, kwa kweli, bila kioo.

Jumatano, 18 Machi

Crispin ndiye mgonjwa wa kesho. Ananiambia, "Usijali, dada, nitamlegezea mama yako." Atamlegezea! Atampa sikio jingine, na Mama ataonekana mtu wa masikio tu.

Alhamisi, 19 Machi

Sikulala vizuri, lakini kosa langu nimeligundua. Kifua hakionekani. Mtu anaambiwa tu, anaamini au haamini. Mama anahitaji ugonjwa ambao hata kamati iliyoketi nyuma itauona. Ini, kwa mfano: likiugua, ngozi inageuka rangi ya manjano.

Ahadi niliitoa kabla sijajua hili.

Mama aliondoka mapema, kavaa blauzi yake ya misiba. Nilisubiri apinde kona. Nikachukua kopo la bizari ya manjano kabatini, nikakoroga na mafuta ya kupikia, nikajipaka uso, shingo na mikono hadi kwenye viwiko. Nikaacha ikauke. Kisha nikavaa koti la shule na kupanda basi la Thornbeck.