Dagaa Wanaosubiri Amani

Jumatatu, 3 Machi
Kongo vita vimepamba moto. Wanunuzi wao hawaonekani kabisa kwenye soko letu la samaki, mwaloni Kirumba, na dagaa wanauzwa bei ya bure! Wenzangu wanalia. Mimi nacheka. Vita vikiisha bei itapaa, na mzigo nitakuwa nao mimi. Jirani yangu Maige ana dagaa mpaka mlangoni na ghala lake halina paa. Nimempa mabati yetu yote, kanipa magunia thelathini. Mjinga yule! Mabati ni ya nyumba tunayojenga Pasiansi, mke wangu Sabina kayahangaikia miaka mitatu. Bado sijamwambia.

Jumanne, 4 Machi
Sabina kajua. Kasema masika haya yakimkuta tena kwenye chumba cha kupanga, anarudi kwao Kigongo. Nikamwambia mwekezaji lazima awe na moyo mgumu. Akauliza dagaa nimewaweka wapi. Kwenye nyumba yetu, nikajibu. Akauliza, ile isiyo na paa? Ana maswali huyu mwanamke!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeazima turubai. Lina matundu, lakini machache. Redio iko sikioni tangu asubuhi. Eti huko Kongo wapiganaji bado wanalaumiana. Jamani, hawawaonei huruma dagaa wangu?

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nimeombea amani ya Kongo mpaka machozi. Katekista Yeremia kanisimamisha mbele, niwe mfano wa kupenda majirani. Sabina akakohoa. Wakati wa matoleo mvua ikashuka. Nilitoka mbio kabla ya baraka.

Jumatano, 12 Machi
Wameoza. Funza! Mtaa mzima umeziba pua. Na leo hii mnunuzi Mkongo kafika kwa njia ya kuzunguka, kabeba mzigo wote wa Maige, mkavu kabisa. Ghala limeezekwa. Nimeyatambua mabati. Maige kanipa pole, kasema atanisaidia, dagaa wangu atawasaga chakula cha kuku. Nimekubali. Sabina kafungasha, kaondoka. Chumba kimekuwa kikubwa. Naumia.

Jumamosi, 15 Machi
Sabina karudi! Kaka yake Pius kamnunulia mabati mapya, mafundi wanaanza Jumatatu. Nimelia, kweli nimelia. Nimeapa mbele ya shemeji: biashara ya vita basi!

Mchana nimefungua redio. Vita vilikopita, nyumba zimebaki kuta tupu. Masikini! Watu wale watajenga upya. Watahitaji nini kwanza?

Nimewapigia mafundi simu. Jumatatu wasije.