Gogo Linanijua

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Salumu, mdomo wako ungekuwa nyumba ningeutia komeo! Mtoto nimemzaa mwenyewe, leo ana ndevu, siri haimkai hata kutoka hapa mpaka kisimani. Nilimwambia kimya kimya: lile gogo la mkongo lililoangushwa na upepo kule mahameni, kijiji chetu cha zamani, nataka likapasuliwe nipate mlango. Yeye kaenda kumwambia Mwanakombo! Jirani mwenye mbuzi asiye na adabu. Sasa Mwanakombo naye katafuta gogo, na la kwake limeshapanga foleni kwenye msumeno.

Msumeno wenyewe wa injini, umeazimwa kijijini mpaka Jumamosi tu. Fundi wake Lukasi, mtu wa bara, kasema anayeleta gogo anachukua nusu ya mbao, nusu ni za madawati ya shule. Haya, ndiyo ujamaa, sikatai. Lakini Jumamosi anafungasha.

Na mimi tangu tuhamishwe huku bondeni nalala na mjukuu wangu Asha nyuma ya jamvi la kuziba mlango. Jamvi! Wiki iliyopita simba kanguruma ng'ambo ya kijito. Simba hapigi hodi.

Salumu anasema gogo zito, tuite watu, tuwapikie. Nikamwuliza kitoweo nitakitoa wapi. Akamtazama jogoo wangu. Nikamtazama yeye. Akaacha kumtazama jogoo.

Jumanne, 5 Agosti

Mwalimu Felista wa kisomo kanifundisha kuandika juzi juzi tu, lakini hila nilizaliwa nazo. Nimekwenda kwa mzee Abdallah. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu: wanatutukana, tunawatukana, hakuna kununa, na mazishi tunazikana. Sasa mtani humwombi kazi. Mtani unamchokoza.

Nikamwambia barazani, mbele ya watu, kwamba wanaume wa kwao mikono yao ni mihogo ya kuchemsha, hata upawa wanaubeba wawili wawili. Watu wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Abdallah akasema mimi kizee mwenye meno ya kuazima, kesho nitaiona hiyo mihogo, gogo watalileta na mimi watanipandisha juu yake kama kunguru.

Bure kabisa! Jogoo kalala salama.

Jumatano, 6 Agosti

Wamekuja. Lo, wana nguvu, Mungu anisamehe! Kamba za makumbi mbele, nyenzo za kusukumia nyuma, miti ya kuviringishia chini. Mwimbishaji kasimama juu ya kichuguu, na wimbo wenyewe unanitukana mimi. Anaimba: bibi huyu hana mlango! Wanaitikia: na mdomo haufungi! Kila wakiitikia, gogo linasogea. Nikacheka mwenyewe.

Likapita penye jiko langu la zamani. Mafiga bado yapo. Marehemu mume wangu alikataza mti ule usikatwe. Nikatazama pembeni kidogo.

Adhuhuri likafika ukingo wa kilima, kijiji kinaonekana chini. Wakalitia kabari, wakaketi. Abdallah akauliza chakula kiko wapi. Nikampa mtungi wa maji. Akayaonja kama mtu anayetafuta nyama ndani yake. Akasema vizuri sana, mtani akikamata kitu cha mtani wake anacho mpaka kikombolewe. Basi gogo wamelikamata, na ukombozi ni yule jogoo. Wakaenda zao wakicheka. Mtu asiliguse, mila ni mila.

Mtani hakasirikiwi. Mimi nimekasirika.

Alhamisi, 7 Agosti

Mila inasema gogo lisiguswe. Haisemi kabari zisiguswe!

Asubuhi na mapema nikapanda na Salumu. Msumeno uko chini kule, mteremko umenyooka. Salumu akasema, mama, chini kuna nyumba. Nikamwambia hilo ni gogo la baba yako, linanijua. Gonga!

Akagonga. Likaenda vizuri. Likaenda vizuri mno. Likakumbana na kichuguu, likageuka. Shamba la mihogo, puu! Likashika njia ya nyumbani kwangu. Na Asha nilimwacha amelala ndani!

Nilikimbia. Kanga imebaki kwenye mkorosho. Nikawa naita jina la mtoto mpaka sauti ikakauka. Nafika, vumbi tupu. Gogo limekaa kizingitini, paa la kibaraza limeanguka juu yake, hapapiti hata panya. Kimya. Nikaanza kung'oa makuti ya paa kwa mikono.

Ndani, sauti ya usingizi ikauliza: Bibi, nani kafunga mlango?

Alhamdulillahi. Naandika tena. Alhamdulillahi.

Wa kwanza kufika Mwanakombo. Kajipenyeza dirishani, na mwili wake ule, kamtoa Asha. Hana hata mchubuko. Kisha akavua kanga yake ya juu akanifunga mimi, bila neno. Neno alilisema baadaye, watu walipojaa: kwamba sasa hata mbuzi wake haingii.

Ijumaa, 8 Agosti

Jogoo kachinjwa. Sitaki kuulizwa.

Watani wamekuja baada ya swala, wamekula, wamesema nyama ngumu kama mwenyewe. Abdallah akauliza kama gogo nililituma nyumbani likachukue chakula chao. Wakafunga kamba. Mwanakombo naye kashika kamba! Tulipofika kwa Lukasi, Mwanakombo akamwambia gogo lake lisubiri nyuma ya langu, mwenye mtoto mdogo kwanza. Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia amfunge mbuzi wake.

Jumamosi, 9 Agosti

Limepasuliwa! Ndani jekundu, linanukia. Nusu imekwenda shule. Salumu si seremala, lakini kapigilia. Mlango una komeo. Asha kaufungua na kuufunga mpaka nikamgombeza. Magharibi hii simba kanguruma. Nguruma, baba, nguruma mpaka ukohoe! Nimejinyoosha kitandani, mifupa yote imeshuka chini.

Watu wanasema nimepata funzo. Funzo lipi? Si nilisema gogo linanijua? Lilipita nyumba zote za kijiji, halikumgusa mtu, likaja kusimama mlangoni kwangu kama mgeni mwenye adabu. Kosa lilikuwa la Abdallah, kuliacha kule juu na kabari.

Sasa dirisha liko wazi. Kama Mwanakombo kapita, simba atashindwa? Na mahameni kuna gogo la pili, na Lukasi kaongezewa siku mbili, gogo la Mwanakombo halijaisha.

Salumu, kesho ukimaliza uji nenda kwa watani wa upande wa mama yangu, hao hawajasikia habari. Waambie mikono yao ni mihogo ya kuchemsha. Na yule tetea wangu aliyebaki kamfiche kwa Mwanakombo, wasije wakamwona.