Koti la Ukurasa wa Tisa

Shwa. Kimya. Shwa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jua lizame, na Mhariri, ambaye jioni ile hakuwa bado mhariri, alikuwa amejilaza chali katika chumba alichopanga juzi, akiitafuta riziki darini. Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta wa mbao. Karatasi ikigeuzwa. Haikuwa noti, maana noti hazigeuzwi kwa mahaba namna ile. Haikuwa kitabu cha shule, maana hakuna anayecheka na kitabu cha shule gizani.

"Ukurasa wa saba?" aliuliza mwanamke.

"Gauni la kijani, bega moja wazi!" alijibu mtoto.

"Wa tisa?"

"Koti langu! La bluu, la mahameli, vifungo vinne vya dhahabu!"

"Bado si lako, mwanangu. Ni la ukurasa."

Mtu wetu akaketi kitandani. Mama na bintiye walikuwa wakisoma jarida la mitindo ya kina mama katika giza totoro, kwa kichwa! Mwezi uliopita alikuwa mkaguzi wa mita za maji. Kabla ya hapo alikuwa daktari wa meno, kazi aliyoiacha pale mgonjwa wa kwanza alipofungua kinywa. Sasa alijua atakuwa nani. Anayelipenda jarida gizani, akajiambia, atampenda mwenye jarida mchana. Akageukia upande wa pili, akalala usingizi wa mtu mwenye kazi.

"Tuanze upya," mama alisema ng'ambo. "Ukurasa wa pili?"

Lakini huyo alishaanza kukoroma. Wajanja wengi wameponzwa na kulala mapema.

Asubuhi saa nne alibisha hodi. Fundi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita yule mama, alikuwa kwenye cherehani, na nyuma yake yamening'inia magauni matatu ya hariri ya dada watatu wenye harusi Jumamosi. Kitambaa chao, heshima yake. Mlangoni alisimama mwanamume ndani ya koti la mahameli ya bluu, shingoni kamera kubwa ambayo haikuwahi kuonja betri.

"Dada yangu, usishtuke. Mimi ndiye Mhariri Mkuu." Akalitaja jarida, jina akiliibia jicho kwenye jalada lililolala kando ya cherehani.

Fundi alishtuka. Mguu uliganda kwenye kanyagio. Miaka minne amelisoma jarida lile moja, tangu mteja alipolisahau. Kutokana nalo alijifunza kukata mkono, kulaza kola, hata maneno ambayo hakufundishwa darasani. Moyo wake ulisema ndiyo kabla masikio hayajamaliza kusikia.

"Sifa zako zimefika ofisini," Mhariri aliendelea. "Nayataka hayo magauni matatu yapigwe picha. La katikati tunaliweka kwenye jalada. Ijumaa nayarudisha mwenyewe, kwa mkono huu."

"Na hapo ofisini, kaka, mna wanaume wengi?"

"Wengi? Dada, ni wanaume watupu! Mitindo ya kina mama ni kazi ngumu, haifai kuachiwa kina mama."

Mtoto alifumbua kinywa. "Lakini mama, ukurasa wa pi..."

"Shika biskuti, mwanangu."

Matumaini ya Fundi yalianguka kama kifungo kilichokatika uzi: bila kelele, ila mwenyewe anajua kimeanguka. Hata hivyo alitabasamu.

"Haya ni ya wateja, na ni ya kawaida mno kwa mtu kama wewe. Nipe mpaka kesho nikushonee matatu ya kiwango chako."

Mgeni alipotoka, mama na mwana walifungua ukurasa wa pili, kwenye barua ya mhariri, wakasoma kwa pamoja, kidole juu ya mstari: *Msomaji mpenzi, hapa ofisini sote ni wanawake, isipokuwa paka wetu.*

"Kwa hiyo anko ni paka?" mtoto aliuliza.

"Nyau kabisa," alijibu mama, kisha akashusha mapazia mawili makuukuu na bitana ya godoro. Hakugusa cherehani. Usiku kucha... hapana, tusimwongezee sifa, ilimchukua muda wa saa mbili tu. Alipiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikiza nguo kwa muda, ambayo mtu akivuta uzi mmoja, nguo nzima hurudi kuwa vipande.

Kesho yake Mhariri aliyakagua magauni kwa jicho la mtaalamu.

"Na hizi nyuzi nyeupe zinazoning'inia?"

"Kaka, unanipima? Si ndiyo mtindo wa msimu?"

"Ahaa! Nilikuwa nakujaribu. Jana tu tulikuwa tunaujadili ofisini."

"Ila koti lako limefumuka kwapani. Mtu wa jarida! Liache nilitengeneze, Ijumaa ukirudisha magauni utalichukua."

Mhariri alipiga hesabu: magauni matatu yangemnunulia makoti mawili. Akalivua. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba shati lake lilikuwa na kola na kifua, mgongo haukujaliwa.

Moja kwa moja alikwenda kwenye duka kubwa la nguo, ambako mwenye duka, mama wa haja, mpana na mwenye haraka, alijimwaya ndani ya gauni la jalada mbele ya kioo na wateja saba.

"Mbona lina nyuzi?"

"Mama, hizo nyuzi ndiyo habari ya mji."

Lakini nani amezaliwa akauona uzi unaning'inia asiuvute? Trrrr! Mkono wa kushoto ukaaga. Trrrr! Sketi ikaketi sakafuni.

"Mtindo gani huu, we mwanaharamu?"

"Ni... ni wa kuvaliwa bila kuguswa, mama!"

Kamera ilibaki dukani kwa nguvu. Yeye alitoka kwa miguu yake, na kiatu kimoja kilimfuata hewani. Mvua ikaanza. Ni mvua ile nyembamba inayowajua watu wasio na mgongo wa shati.

Alirudi kwa Fundi akitetemeka, hotuba imeshapangwa: ajali, wezi, ofisi imeungua. Dirishani aliyaona magauni matatu ya hariri bado yananing'inia, yamepigwa pasi, yanawangoja wenyewe. Alibisha.

Mlango ulifunguliwa na mtoto. Alivaa koti la mahameli ya bluu, limemkaa mabegani kama limezaliwa naye, vifungo vinne vya dhahabu vimefungwa hadi kidevuni. Nyuma yake, chini ya cherehani, vipande viwili vya mikono mirefu vilikuwa vimebaki vikisubiri kuwa kofia.

Mtoto alimtazama tangu nywele zilizolowa mpaka mguu usio na kiatu, kisha akageuza shingo kuelekea ndani.

"Mama, paka amerudi."